Sura ya 6: Kuvaa kama Bibi Yako Bila Kumkosea

Kila mwaka, kabla ya tarehe 8 Machi na tena shule zinapoandaa michezo ya kuigiza ya tarehe 30 Juni, swali moja huzunguka Butembo na Beni: "Nitapata wapi mavazi ya zamani?" Huuliza mwalimu aliyekabidhiwa darasa zima la waigizaji. Huuliza binti anayetaka siku ya mahari yake asukwe kama bibi yake alivyosukwa. Huuliza kijana wa kwaya anayetakiwa kumwigiza afisa wa enzi ya Zaire. Wengi huenda moja kwa moja sokoni na kurudi na sketi ya rafia, kipande cha kitambaa chenye madoa ya chui na shanga za plastiki. Kwa vitu hivyo vitatu wanamvisha kila mhenga, wa karne yoyote na wa kabila lolote.

Nywele, viatu na mapambo ya zamani vinatengenezeka nyumbani, na vifaa vyake ni vya kawaida: uzi mweusi, mwanzi, mfupa wa ng'ombe, kiatu kilichochoka, koti la mitumba. Ugumu uko kwenye mwaka. Usipojua unayemwigiza aliishi lini, hata mkono wa fundi hodari utakupotosha.

Zamani ya mwaka gani?

Chukua familia moja ya milima ya Lubero. Mzee aliyeishi mwaka 1900 alijifunga nguo ya gome la mti au ngozi, na alitembea bila viatu. Mwanawe, mwaka 1955, huenda alivaa kaptula ya kaki na shati la pamba. Mjukuu wake, mwaka 1974, alivaa koti lisilo na tai na suruali pana miguuni, na mke wake alisukwa nywele kwa uzi. Ukiwaweka wote watatu katika sketi moja ya rafia, umewafuta wote watatu.

Rafia yenyewe ni kitu cha heshima kubwa, lakini kwao ni kwingine. Wakuba wa Kasai ndio wanaojulikana duniani kwa vitambaa vya rafia vilivyotariziwa. Sketi tunayoiona jukwaani huku kwetu imetokana zaidi na ngoma za maonyesho, zikiwemo zile za vikundi vya uhamasishaji vya chama cha Mobutu, MPR, kilichoanzishwa mwaka 1967. Kama igizo lako linahusu vikundi hivyo, ivae. Kama linahusu shamba la babu yako, iache.

Kwa hiyo andika sentensi moja kwenye karatasi kabla ya kushika mkasi: nani, wapi, mwaka gani. Kwa mfano: "Mwalimu wa kike, Butembo, 1975." Sentensi hiyo itakuamulia mambo mengi kuliko ushauri wa fundi.

Albamu ni kitabu cha ushonaji

Kwa miaka ya 1950 hadi 1980, mwalimu bora ni picha za familia. Najua zimepungua. Tangu mauaji yalipoanza kuuandama mji wa Beni na vijiji vyake mwezi Oktoba 2014, watu wengi wamekimbia na godoro na sufuria kichwani, na albamu ikabaki ukutani au kwenye sanduku. Lakini picha za zamani zilikuwa zikitumwa kwa ndugu. Nakala ya picha ya harusi ya bibi yako inaweza kuwa Kampala, Kisangani, Kinshasa au Ubelgiji kwa mjomba. Mwandikie, umwombe aipige picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu kugonga kioo cha fremu.

Picha isiyo na tarehe ina dalili zake. Mwanamume aliyefunga tai harusini kwa kawaida amepigwa picha kabla ya miaka ya 1970, au baada ya Aprili 1990, kwa sababu katikati hapo tai ilipigwa marufuku. Nyuma ya picha pameandikwa *Citoyen* au *Citoyenne* mbele ya jina? Huo ndio mtindo wa kuitana uliowekwa na serikali enzi ya Zaire. Kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, chenye sura ya Mobutu au nembo ya mwenge wa chama, nacho kinakuambia uko miaka gani.

Ukishaipata picha, iangalie kuanzia juu kwenda chini:

- nywele zinaanzia wapi kwenye paji la uso, na zimegawanywa miraba au mistari;
- shingo iko wazi au imefunikwa;
- kikwembe kinaishia wapi mguuni, na kimefungwa ubavu gani;
- miguu imevaa nini. Wapigapicha wengi walikata miguu, kwa hiyo picha moja inayoonyesha viatu ina thamani ya nyingine kumi.

Nywele za uzi

Hapa ndipo nataka tukae, maana hakuna kitu kinachomrudisha mama wa miaka ya 1970 haraka kama nywele za uzi. Huu ni ususi ambao fungu la nywele halisukwi kwa vidole. Linaviringishwa uzi mweusi kuanzia kwenye ngozi hadi kwenye ncha, mpaka linasimama kama kijiti chembamba. Vijiti hivyo hukunjwa, huunganishwa, hupindwa kuwa matao, taji au kikapu juu ya kichwa. Ususi huu ulienea sehemu kubwa ya Afrika. Kule Nigeria, mpigapicha J. D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kupiga picha za misuko kwa mamia, akizielekeza kwenye kisogo na ubavu ili umbo lionekane kama sanamu. Ukitaka kuona uzi unaweza kufika wapi, tafuta picha zake.

Kwa Zaire, mtindo huu ulipata nguvu pia kutoka kwenye siasa. Mobutu alipobadilisha jina la nchi mwezi Oktoba 1971 na kuanza kampeni ya *authenticité*, yaani kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika, wigi zilikatazwa, na suruali kwa wanawake vilevile. Nywele za mtu mwenyewe zikawa ndizo vazi la kichwa. Mimi siipendi sheria inayomwamuru mwanamke avae nini. Hata hivyo, kazi iliyofanywa na wasusi wa miaka hiyo, wakiwa na kitana, uzi na kigoda tu, ni ya kiwango ambacho saluni nyingi za leo hazijakifikia.

Namna ya kufanya ni hii. Osha nywele, zikauke, kisha pitisha mafuta kidogo ya mbarika au ya mawese yaliyochujwa. Yakizidi, uzi utateleza. Gawanya kichwa miraba. Miraba midogo iwe mbele, ambako watu wataangalia, na mikubwa iwe nyuma. Chukua nyuzi mbili au tatu kwa pamoja, funga fundo kwenye shina la fungu la kwanza, halafu zungusha uzi ukiwa umenyooka, mzunguko mmoja ukigusa mwenzake, nywele zisionekane katikati. Mkono mmoja unavuta fungu kwenda juu, wa pili unazungusha. Ukifika kwenye ncha, pitisha uzi ndani ya kitanzi na ukaze. Mafungu yote yakishasimama ndipo unapoanza kuunda umbo: ncha ya fungu la mbele inafungwa kwenye shina la fungu la nyuma, na tao linapatikana.

Uzi gani? Wa pamba ndio wenye mwonekano wa kweli wa miaka hiyo, kwa sababu haung'ai, ila hunyonya mafuta ya nywele na kuzikausha. Wa nailoni hauzikaushi, lakini hung'aa mbele ya taa. Kwa jukwaa nachagua pamba, kwa arusi ya siku mbili nachagua nailoni.

Kuhusu maumivu sina mzaha. Ngozi ya paji ikivutika, au vipele vidogo vikitokea pembezoni, fungua fungu hilo na uanze upya kwa kulegeza. Nywele za pembeni zikishang'oka mara nyingi hazioti tena. Usimwache mtoto alale na matao yaliyokazwa, na kwa mtu mzima wiki mbili zinatosha.

Wasichana wengi wa shule hukata nywele fupi, kwa hiyo uzi hauna pa kushika. Kwao tengeneza kofia. Kata soksi ndefu nyeusi ya kike, funga juu, ivae kichwani na uchore miraba kwa chaki. Kisha tengeneza vijiti vya sufi nyeusi iliyoviringishwa kwenye waya mwembamba, vizungushie uzi uleule, na uvishone kwenye kila mraba. Ncha za waya zikunjwe ndani na kufunikwa kwa kitambaa zisimchome mvaaji. Pembeni ya paji acha nywele zake halisi zichungulie kidogo, na mtazamaji wa mstari wa tatu hatatofautisha.

*Kwa ufupi: miraba midogo mbele, uzi usioacha nafasi, umbo mwishoni. Kikiuma, fungua.*

Taji la Wamangbetu, na lini usilivae

Kila niongeapo habari za nywele za kale, mtu hunionyesha kwenye simu picha ileile: mwanamke wa pembeni, kichwa kirefu, nywele zimepanda kwenda nyuma na kufunguka kama mdomo wa tarumbeta. Mara nyingi ni Nobosodru, mwanamke wa Kimangbetu aliyepigwa picha mwaka 1925 na msafara wa magari ya Citroën uliovuka Afrika. Sura yake ilisambaa Ulaya hadi ikachongwa kuwa pambo la mbele ya gari. Wamangbetu ni wa Haut-Uele, upande wa Isiro, Rungu na Niangara. Georg Schweinfurth, msafiri wa Kijerumani, alifika kwa mfalme wao Mbunza mwaka 1870, na Herbert Lang aliwapiga picha nyingi kati ya 1909 na 1915.

Taji lile lilikuwa la tabaka la juu. Nywele, za mwenyewe na za kuongezea, zilitandazwa juu ya umbo lililosukwa kwa vijiti, na paji likazungushiwa kamba nyembamba nyeusi. Kichwa kirefu chenyewe kilitokana na kumfunga mtoto mchanga kamba kichwani. Desturi hiyo ilikwisha kufifia kufikia katikati ya karne ya 20, na hakuna sababu yoyote ya kuigusa.

Kulitengeneza kwa jukwaa ni rahisi. Tafuta kikapu kidogo, toa kitako, na ukipasue ubavu ili mdomo ufunguke zaidi upande wa juu. Kifunge kwenye utepe mpana unaozunguka kichwa, kiegemee nyuma kisogoni. Kifunike kwa sufi nyeusi iliyonyooshwa kutoka kwenye paji hadi kwenye ukingo, uzi kwa uzi, halafu zungushia paji kamba nyeusi hadi karibu na nyusi. Ukiwa na pini ndefu za mfupa, zichomeke.

Lakini usimvishe taji hili bibi wa Kinande na kumwita mhenga wa Butembo. Huko ni kumkopea mtu bibi wa jirani. Lipe taji jina lake na watu wake katika igizo, au liache.

Pini, butega na nguo ya gome

Pini za nywele za Uele zilichongwa pia kwa pembe ya ndovu. Leo pembe ya ndovu, ngozi ya chui na ya wanyama wengine wa porini ni vitu vya kesi mahakamani, na sisi tunaishi mlangoni mwa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Usinunue hata kipande kidogo, hata muuzaji akikuapia ni cha tangu enzi za babu yake.

Mfupa wa paja la ng'ombe unatosha kabisa. Mwombe mchinjaji, uuchemshe kwa maji yenye sabuni mpaka mafuta yatoke, uanike siku kadhaa kivulini. Ukate kwa msumeno wa chuma vipande vyembamba, kisha usugue kwa msasa, kwanza ulio mkali, halafu laini. Funika pua kwa kitambaa, vumbi la mfupa ni baya kifuani. Msasa wa mwisho uwe na maji, na pini itang'aa yenyewe. Asiye na msumeno achukue mwanzi mkavu, aupasue, aukwangue kwa kigae cha chupa na kuupaka mawese. Baada ya kusuguliwa kwa kitambaa, rangi yake hugeuka asali.

Kwenye miguu na mikono, watu wa Kivu ya zamani walikuwa na pambo ambalo karibu limesahaulika: butega. Hizi ni pete nyembamba za nyuzi za mimea ya msituni, zilizosukwa kwa ustadi na kuvaliwa nyingi kwa pamoja juu ya vifundo vya miguu. Watembo wa magharibi ya Ziwa Kivu walizisuka na kuziuza, na katika karne ya 19 zilizunguka kandokando ya ziwa kama fedha, zikinunua vyakula na mifugo. Igizo la soko la kale lisilo na butega limekosa pochi. Ili kuzitengeneza, chana katani au nyuzi za mgomba zilizokaushwa, suka misuko mitatu iliyo myembamba kama utambi wa taa, izungushe kwenye chupa yenye unene wa mguu na ufiche ncha kwa sindano. Moja haina maana. Tengeneza kadiri utakavyoweza, zipande mguuni.

Nguo ya gome hutoka kwenye miti ya jamii ya mkuyu. Gome la ndani huvuliwa, hulainishwa, kisha hutwangwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka linapanuka na kuwa laini. Wambuti wa msitu wa Ituri wana ufundi wao: wanaume hutwanga, wanawake huchora. Waganda wana wao, wa mti wa mutuba, ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Nguo ya gome bado inauzwa Uganda, kwa hiyo mfanyabiashara anayepita Kasindi anaweza kukuletea. Ukikosa, chukua merikani, uichemshe kwenye chai nzito sana, uifinyange na udongo mwekundu uliolowa, uianike ikiwa na makunyanzi na kuikung'uta ikikauka. Usiipige pasi.

Miguuni

Ukweli unaowasumbua waongozaji wa maigizo ni kwamba kabla ya ukoloni wengi wa watu wa milima hii walitembea peku. Ndala za plastiki chini ya nguo ya gome huharibu kazi yote, kwa hiyo vua. Kama uwanja una mawe, chagua mahali pengine pa kuchezea.

Kiatu cha tairi, katambuga, ni cha baada ya magari, kwa hiyo kinamfaa mkulima au mchuuzi wa karne ya 20. Mpelekee fundi viatu tairi kuukuu lisilo na nyaya za chuma ndani, kwani nyaya hukatika na kuchoma mguu. Mikanda ikatwe kwenye mpira wa ndani wa tairi, ipitishwe kwenye nafasi zilizotobolewa na kupigiliwa misumari midogo iliyokunjwa.

Kiatu cha soli nene cha miaka ya 1970 ndicho vijana huniomba zaidi. Kilivaliwa na suruali pana miguuni, wakati vijana wa Zaïko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Desemba 1969, walipokuwa wakiwatikisa wenzao nchi nzima. Tafuta kiatu cha ngozi chenye kisigino imara. Kata tabaka mbili au tatu za ndala za sponji kwa umbo la soli. Paka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, subiri mpaka kidole kisigandame, ndipo ugandamize, kwani ukiharakisha zitaachana katikati ya densi. Kata kingo kwa wembe, funika ubavu kwa ngozi ya bandia, kisha mpe fundi apitishe mshono mmoja kuzunguka. Usizidishe vidole vitatu vya unene, maana Butembo ni mji wa miteremko na matope.

Anayetaka kuona msanii akifanya kazi hii kwa makusudi amwangalie Papa Wemba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alileta mtindo wa ungaru, uliorudisha mavazi ya miaka ya 1930: suruali pana yenye mikunjo, iliyoishia juu ya viatu vilivyong'aa, na nywele zilizokatwa karibu na ngozi pembeni. Alichagua miaka yake na akaifuata toka kichwani hadi miguuni, na vijana wa Kinshasa wakamfuata.

Koti lisilo na tai

Kwa wanaume wa enzi ya Zaire, vazi rasmi lilikuwa abacost, koti lililovaliwa bila shati la kola wala tai, lililofungwa hadi karibu na shingo. Tai ziliruhusiwa tena tarehe 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja.

Koti la mitumba linakubali kugeuzwa. Chagua lenye vifungo vitatu au zaidi, la rangi ya kahawia, kijivu au bluu iliyoiva. Tandua kola, pindua mabawa ya kifua ndani na uyashone kwa mkono, ongeza kifungo kimoja au viwili juu. Kola mpya iwe fupi, ikae tu shingoni. Mifuko ya kifuani iwe wazi, ya kushonwa juu. Ndani ya shingo weka skafu laini iliyokunjwa. Kofia ya chui ya Mobutu mwenyewe itoke kwenye mahameli yenye madoa, ikatwe ndefu mbele na nyuma, na avae mtu mmoja tu katika igizo lote.

Jaribio la wiki moja kabla

Waite waigizaji wote asubuhi, wakiwa wamevaa kila kitu. Butembo iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na aliyevaa gome asubuhi hutetemeka, kwa hiyo mtafutie fulana ya rangi ya ngozi yake, isiyofika shingoni. Beni kuna joto zaidi, na huko shida ni jasho linaloshusha rangi ya udongo kwenye merikani. Kila mmoja apande ngazi, akae kwenye kigoda, acheze wimbo mzima, abebe mtoto mgongoni kama mhusika wake anabeba. Mwiteni mama mmoja aliyeishi miaka mnayoiigiza, mpeni kiti mbele na chai, na mwenye daftari akae karibu naye. Akisema kikwembe kimefungwa ubavu usio wake, kifungueni hapohapo na kumwomba aonyeshe.